Kabla uandike MBWA KALI getini, angalia kucha zake

Nikiona geti imeandikwa MBWA KALI, mimi siangalii meno ya huyo mbwa. Naangalia miguu. Na kusema ukweli, kwa hizi mitaa zetu, kuanzia Zimmerman mpaka Utawala, mbwa wengi walio nyuma ya hizo geti wana kucha zimejikunja kama ndoano. Wakitembea kwa simiti unasikia tak, tak, tak. Na hakuna anayeshtuka. Mwenye mbwa hashtuki, mpangaji hashtuki, hata mtoto anayecheza naye hashtuki, juu tumezoea kudhani hivyo ndivyo mbwa husikika akitembea.

Hapana. Hiyo ni sauti ya kucha zilizopita kipimo. Mbwa wa kucha sawa akisimama wima kwa sakafu, kucha zinakaa juu kidogo tu ya chini, na akipita kwa taili humsikii.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wasee watakasirika: kama huwezi kushika miguu ya mbwa wako hata mara moja kwa wiki mbili, wewe huna mbwa. Uko na kengele ya wizi inayokula ugali.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Niliacha kampasi mwaka wa pili, na kozi yangu haikuwa hata karibu na mambo ya mifugo. Hii kazi ya miguu nilifunzwa na mzee mmoja jirani yetu aliyelea mbwa wa ulinzi miaka mingi, na nimeiuliza tena kwa daktari wa wanyama kabla ya kuiweka kwa video. Lakini kila nikiiweka, komenti ya kwanza ni ile ile: watu hawana unga, wewe unatuongelesha mambo ya kutengeneza kucha za mbwa, hiyo peleka Karen.

Sawa. Basi enda Gikomba ama Muthurwa asubuhi na mapema, uangalie mbwa koko. Hana mwenyewe, hana pa kulala, chakula chake ni cha jalala. Lakini kucha zake ni fupi, zimesuguka mbele kama penseli iliyotumika. Si uchawi. Anatembea siku nzima kwa lami, kwa mawe, kwa kokoto. Barabara inamkata kucha bure. (Usinielewe vibaya, huyo koko ana shida zingine mia, lakini ya kucha hana.)

Yule wenu sasa. Amefungiwa kwa banda ambalo hawezi hata kugeuka vizuri, kuanzia asubuhi mpaka usiku ndipo afunguliwe alinde. Chini kuna mbao na gunia. Hizo kucha zitasugukia wapi? Kwa hivyo mtu akiniambia kukata kucha ni mambo ya mabwanyenye, namwambia, wewe ndiye ulimnyang'anya barabara, sasa fanya kazi ya barabara.

Na si mambo ya urembo. Ndani ya kila kucha kuna nyama hai, ina mshipa wa damu na ina neva. Kucha ikirefuka, hiyo nyama nayo inairefukia. Kucha ikianza kugonga chini kila hatua, inasukuma kidole nyuma ama kando, na mbwa anaanza kusimama ameegemea nyuma ili apunguze uchungu. Jiwazie ukivaa kiatu cha nambari ndogo miaka mitatu bila kukivua. Vidole vinapinda, viungo vinauma, mbwa anaanza kulala lala, hataki kupanda ngazi, na mwenyewe anatuambia "huyu amezeeka". Amezeeka na ana miaka minne!

Kwa nyinyi mnaojali usalama peke yake, nina yenu pia. Mbwa wa kucha ndefu hawezi kushika kona. Kwa taili anateleza kama mtoto na soksi. Akikimbia, kucha inaweza kunaswa na waya wa ua ikapasuka mpaka kwa mzizi, na hapo ulinzi umeisha kwa wiki kadhaa. Umenunua bango la MBWA KALI, ukalipa fundi akalipachika, na mbwa mwenyewe hawezi kufukuza hata paka.

Wacha niwape ya Simba ndio mjue kwa nini hii stori inaniwasha. Kuna ploti hapa kwetu, nyumba 12, mbwa mmoja. Landilodi alimleta akiwa mdogo, akamwachia keateka. Huyo keateka akaenda zake, akaja mwingine, na mbwa akabaki kama tangi la maji, kitu cha ploti. Mwaka huu mama mmoja wa hapo akaniita, ati Simba anachechemea na mguu unanuka. Nikaangalia. Mbwa ana kucha moja inaitwa ya gumba, iko juu kidogo upande wa ndani wa mguu wa mbele. Hiyo haigusi chini hata mbwa atembee mpaka Thika, kwa hivyo haisuguki yenyewe. Ya Simba ilikuwa imezunguka duara nzima na kuingia kwa nyama. Imeingia kabisa, na usaha unatoka.

Hiyo si kitu ya wiki moja. Hiyo ni miezi na miezi ya nyumba 12 kupita hapo, "niaje Simba", na kufunga mlango. Mimi sikuigusa, na wewe ukikuta kucha imeingia kwa nyama usiivute. Hiyo ni ya daktari, anampa dawa ya usingizi kwanza, anakata, anasafisha kidonda na kumpa dawa. Landilodi alipoambiwa bei alisema "ni mbwa tu". Tukachanga.

Sasa, kazi yenyewe. Ni rahisi kuliko mnavyodhani, lakini inataka subira, na subira ndiyo watu wengi hawana. Kitu cha kwanza si mkasi. Wiki ya kwanza usikate chochote. Jioni mbwa akiwa ameshiba na ametulia, shika mguu mmoja sekunde mbili, tatu, mpe omena moja ama kipande cha matumbo, uache. Kesho yake shika kidole kimoja, finya taratibu mpaka kucha itokeze, mpe omena, uache. Akivuta mguu usipigane naye, juu mkipigana leo, kesho akikuona tu ataingia chini ya gari. Siku ya nne ama ya tano mwonyeshe kikata kucha, anuse, asikie sauti yake ukikata njiti ya kiberiti. Utajiona kama mwenda wazimu ukikatia mbwa njiti. Fanya tu.

Kikata kucha cha binadamu hakifai mbwa mkubwa, kinaponda kucha badala ya kuikata na kinamuumiza. Enda agroveti ama duka la vitu vya mbwa, uliza kile cha mbwa chenye makali yanayopishana kama mkasi. Kimoja kinatosha majirani wote, bora mkisafishe kila mara.

Siku ya kukata, mkiwa wawili ni rahisi. Mmoja anampapasa kichwa na kumlisha, mwingine anafanya kazi. Usiuvute mguu kando, mguu wa mbwa haujaumbwa kwenda huko. Uinue vile yeye mwenyewe huukunja. Kama kucha ni nyeupe una bahati, mwangani utaiona ile nyama hai ndani, rangi ya waridi. Kata mbele yake, acha nafasi kidogo. Kama ni nyeusi, na mbwa wetu wengi wako na nyeusi, huoni kitu. Hapo unakata vipande vyembamba sana, kama milimita moja moja, na kila ukikata unaangalia uso wa pale ulipokata. Mwanzoni utaona pamekauka, rangi ya majivu. Ukianza kuona kidoa katikati, cheusi na kama kina unyevu, simama. Hapo umefika mlangoni mwa nyama.

Ukipita na damu itoke, usipige nduru, mbwa atasoma uso wako. Chukua unga wa ngano ama konifulawa, shindilia kwa hiyo kucha na ubonyeze dakika tano bila kuchungulia chungulia. Mara nyingi inakata. Ikipita nusu saa bado inatiririka, daktari. Na siku hiyo kazi imeisha, mpe zawadi yake mwende nyumbani.

Kitu ambacho watu hawaelewi ni kwamba huwezi kurudisha kucha ya miaka miwili kwa siku moja. Kumbuka ile nyama imerefuka nayo. Ukikata yote mara moja umekata nyama. Unapunguza kidogo kila wiki ama kila wiki mbili, nyama nayo inarudi nyuma polepole, halafu unapunguza tena. Inachukua miezi. Mbwa ambaye kucha zake ziko sawa tayari, kila baada ya wiki tatu ama nne inatosha, lakini ile ya gumba iangalie kila mara.

Na kama mbwa wako hataki kabisa kuona kikata kucha, kuna njia naipenda kuliko zote. Nunua karatasi ya msasa kwa hadiwea, haifiki soo, igundishe kwa ubao mpana. Uegemeze huo ubao, umfunze mbwa kuukwaruza na miguu ya mbele ili apate omena. Anajisugua kucha mwenyewe. Mbwa wengine wakishaelewa mchezo huo hata hungoji kuwaita, wanakuja wenyewe. Angalia tu asikwaruze mpaka afike kwa nyama, na ya gumba bado utaikata wewe.

Lakini dawa ya kwanza kabisa ni kumtembeza. Asubuhi kabla ya lami kupata moto, ama jioni. Saa saba mchana weka mgongo wa mkono wako kwa lami, kama huwezi kuuacha hapo sekunde saba, yeye pia hawezi, na yeye hana slipa. Watu wa Mombasa na Kisumu hii mnaijua vizuri.

Mkirudi, angalia katikati ya vidole. Wenye mko Embakasi, Syokimau, huko kwote kwa udongo mweusi, mvua ikinyesha huo udongo unaingia kati ya vidole, unakauka, unakuwa simiti. Unavuta nywele na unachubua ngozi. Maji ya vuguvugu na kitambaa, dakika tatu. Halafu ukaushe, hapa ndipo watu huchoka, na unyevu ukibaki kati ya vidole ndio huleta harufu na kuwashwa. Hapo hapo utapata kupe, miiba, vipande vya chupa, chingamu. Ukiona mbwa analamba mguu mmoja bila kuacha, siku ya pili, ya tatu, usiseme ni tabia. Kuna kitu, ama mwiba, ama ngozi inamwasha. Unyayo ukipasuka kwa ukavu, paka mafuta ya nazi kidogo yasiyo na manukato, juu chochote unachopaka huko kitaishia mdomoni.

Ndio maana hizi dawa za mtaa zinanikasirisha. Jik kwa kidonda. Oili chafu ya gari kwa miguu na mgongo, ati inaponya upele. Dawa ya kupe ya ng'ombe iliyokorogwa kwa macho, bila kipimo. Mbwa analamba, sumu inaingia, na akifa mtu anasema jirani alimtilia sumu. Jirani hajui lolote, maskini.

Kama mko na boma ocha kwenye udongo wa vumbi, kuna jambo kubwa kuliko kucha. Funza. Tunaongea juu ya funza kama aibu ya watu fulani maskini, tunapiga picha miguu ya watoto, tunachangisha, halafu mbwa wa hilo boma analala pale pale kwa vumbi hakuna anayemwangalia. Huyu mdudu ni kiroboto, ana kama milimita moja. Jike anajichimbia ndani ya ngozi, anavimba mpaka anatoshana na punje ya njegere, na mayai yake yanamwagika kwa udongo. Kwa siku tatu ama nne yanaanguliwa. Kwa mbwa anapenda katikati ya vidole na kando ya unyayo. Sasa ukimtibu mtoto na umwache mbwa, unapiga deki na bomba bado linavuja.

Na wala si laana ya ukoo wa mtu. Huyu mdudu asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 aliingia Angola na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya hiyo karne kuisha alikuwa amevuka bara mpaka huku kwetu. Alikuja kwa meli, akasambaa kwa miguu ya watu na wanyama. Kwa hivyo mkienda ocha Disemba, kabla ya selfi na mbwa wa shosho, geuza unyayo wake. Ukiona vidoa vya duara vyeupe vyenye tundu jeusi katikati, usichokore na pini ama mwiba, utaacha kidonda na mbwa atakuuma. Tafuta afisa wa mifugo wa hapo, halafu mnyunyize maji na kufagia vumbi pale mbwa analala, na watu pia wakaguliwe.

Nimetaja kuuma. Mbwa mwenye uchungu anaweza kumuuma hata anayempenda, kwa hivyo kabla ya yote haya hakikisha amedungwa sindano ya kichaa cha mbwa, na inarudiwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza kichaa cha mbwa kwa watu kufikia 2030, na hatutafika huko kama mbwa wa geti hajawahi kuona daktari tangu azaliwe. Ukiumwa, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sasa nirudi kwa ile kitu haswa inanisumbua, nayo ni swali la nani. Kwa mabomba ya maji kuna mtu, kwa taka kuna mtu, hata kwa tokeni za taa za geti tunajua nani anashikilia. Kwa mbwa kila mtu anaangalia mwingine. Wazazi wanamwachia dada wa kazi, ambaye hakuajiriwa kwa hiyo kazi na labda anamwogopa. Landilodi anamwachia keateka. Keateka analipwa kuosha ngazi na kufungua geti, na akiambiwa akate kucha za mbwa asiyemjua, bila kifaa, bila kufunzwa, atakataa, na mimi ningekuwa yeye ningekataa. Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema kumtesa mnyama bila sababu ni kosa, lakini hakuna polisi atakuja Zimmerman kupima kucha.

Kwa hivyo mimi nasema hivi. Kama mbwa analinda nyumba 12, ni mbwa wa nyumba 12. Nguo zako haziibiwi kwa kamba juu yake. Ile ploti ya Simba tulikubaliana kila nyumba itoe 50 kwa mwezi, inakuwa 600. Hizo za kwanza zilinunua kikata kucha na msasa, zingine zinawekwa za sindano. Vijana wawili wa gredi ya nane wanamtembeza jioni mpaka steji na kurudi. Nyumba mbili zimekataa kulipa, wanasema wao hawakuleta mbwa. Ni kweli, hawakumleta. Lakini wote wawili usiku, kabla ya kulala, huuliza keateka kama Simba amefunguliwa.